Mazoezi ya Misafara ya Hisani Yahamie Barabara za Shinyanga na Geita

BARUA YA WAZI

Kwa: Uongozi wa Geita Gold Mining Limited (GGML), Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS), waandaaji wa msafara wa Twende Butiama, Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA), na Wakuu wa Mikoa ya Shinyanga na Geita.

Yah: Mazoezi ya waendesha baiskeli wa hisani

Waheshimiwa,

Tangu mwaka 2002, mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukiwapeleka watu Kilimanjaro kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI. Baadhi yao hupanda kwa miguu kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Wengine huuzunguka mlima kwa baiskeli. Shughuli hiyo, inayojulikana kama GGM Kili Challenge na kuendeshwa kwa kushirikiana na TACAIDS, sasa imevuka miaka ishirini, na miongoni mwa walionufaika nayo ni watoto wa kituo cha Moyo wa Huruma mjini Geita. Mwaka 2019 ukazaliwa msafara mwingine, Twende Butiama, ambao hunyonga baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, zaidi ya kilomita elfu moja, ukipanda miti, ukitoa madawati na huduma za afya njiani, na kufika Butiama wakati taifa linajiandaa kumkumbuka Mwalimu tarehe 14 Oktoba.

Misafara yote miwili inastahili pongezi, na barua hii haikuja kuikosoa. Imekuja na ombi kuhusu sehemu yake isiyopigwa picha, yaani mazoezi.

Safari yenyewe huisha ndani ya siku chache, au wiki mbili ikiwa ndefu. Mtu wa ofisini ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa sekondari anahitaji miezi mitatu hivi ya maandalizi kabla ya kuthubutu. Ombi ni kwamba miezi hiyo itumike huku, kwenye barabara zinazounganisha Shinyanga, Kahama na Geita, mbele ya watu ambao ugonjwa unawagusa, na chini ya walimu ambao baiskeli ndiyo kazi yao ya kila siku.

Kwa nini huku? Kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine Tanzania ambapo baiskeli imeota mizizi namna hii. Miaka ya 1950, pamba ilipolipa na Paul Bomani na wenzake walipokuwa wakiunda umoja wa vyama vya ushirika wa Kanda ya Ziwa, mkulima wa Kisukuma aliyeuza marobota yake alirudi nyumbani na baiskeli. Baadaye zikaja Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam, Phoenix za China na Hero za India. Ardhi ya Shinyanga ni tambarare, miji yake iko mbali mbali, na kwa miaka mingi gari lilikuwa la wachache. Gunia la mpunga, madumu ya maji, mkaa, mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Kolandoto, bibi harusi na sanduku lake: vyote vimepita juu ya keria ya baiskeli.

Kabla pikipiki hazijajaa, usafiri wa mjini Shinyanga na Kahama ulikuwa mikononi mwa vijana wa daladala, yaani wale wanaobeba abiria kwenye baiskeli yenye keria iliyowekwa mto. Bodaboda zimewapunguza, lakini hawajaisha. Asubuhi bado wanaonekana sokoni na karibu na stendi, wakingoja mteja wa safari fupi. Kijana wa kazi hiyo anajua vitu ambavyo mwanachama wa msafara wa hisani hulazimika kujifunza kwa maumivu: namna ya kuondoka na mzigo mzito bila kuvunja mnyororo, namna ya kusikia lori likija nyuma kabla halijapiga honi, na namna ya kugawa nguvu ili zimtoshe hadi jioni. Hana cheti cha ukocha. Ana miguu na uzoefu.

Jirani zetu walishaliona jambo hili. Rwanda ilipoanza kujenga timu yake ya taifa mwaka 2007 chini ya Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, vipaji vilitafutwa pia miongoni mwa vijana waliokuwa wakibeba abiria na mizigo kwa baiskeli vijijini. Miaka mitano baadaye Adrien Niyonshuti alikuwa kwenye Olimpiki ya London akiwakilisha nchi yake. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Barabara inayokwenda Kigali kupitia Rusumo ni ileile inayopita Kahama.

Kenya nayo ina mfano wake. Mwaka 2008 Mkenya mmoja aliyekuwa mng'arisha viatu, Zakayo Nderi, na mwenzake Samwel Mwangi, aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli, walipelekwa Ufaransa kujaribu mlima wa Alpe d'Huez, wenye kona 21 na mpando wa karibu kilomita 14. Nderi aliupanda kwa dakika 42 na ushei, muda uliowashangaza watu wa mchezo huo. Na mjini Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, David Kinjah alimfundisha kijana Chris Froome kwenye barabara za vumbi, miaka mingi kabla Froome hajashinda Tour de France mara nne. Walimu wa baiskeli Afrika Mashariki wapo, na mara nyingi wanapatikana pale ambapo baiskeli ni riziki.

Hakuna anayedai kwamba msafara wa hisani ni mashindano. Lakini mwili haujui tofauti. Kilomita mia moja ni kilomita mia moja, iwe mtu anatafuta medali au anachangia dawa.

Basi mazoezi yenyewe yaweje? Hapa maneno matupu hayatoshi, kwa hiyo barua hii inapendekeza mpango wa wiki kumi na mbili ambao mtu wa kawaida mwenye afya njema anaweza kuufuata, baada ya daktari kumpima shinikizo la damu na moyo.

Wiki tatu za mwanzo ni za kuzoesha mwili. Safari tatu kwa wiki, kilomita ishirini hadi thelathini kila moja, kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza bila kutweta. Kutoka Shinyanga mjini, njia ya Kolandoto inafaa sana kwa hatua hii. Ndani ya wiki hizi ndipo fundi anarekebisha baiskeli imfae mwenyewe. Kiti kikiwa chini mno, magoti yanaumia. Kikiwa juu mno, nyonga inayumba na makalio yanachubuka. Kanuni ambayo fundi yeyote mzuri anaijua ni kwamba pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Watu wengi wanaokata tamaa mapema wanaumizwa na vipimo vya baiskeli, sio na umbali.

Wiki ya nne hadi ya sita, safari moja kila wiki inakuwa ndefu. Shinyanga hadi Maganzo, kwenye njia panda ya mgodi wa almasi wa Mwadui, kwenda na kurudi, ni kazi ya asubuhi moja. Umbali wa wiki usiongezwe kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya wiki iliyotangulia, kwa sababu mapafu huzoea haraka kuliko kano za magoti.

Wiki ya saba hadi ya tisa, mtu anajifunza kuamka akiwa amechoka na kupanda tena. Jumamosi kilomita themanini, Jumapili sitini. Hili ndilo somo linalosahaulika zaidi. Kilomita mia moja za siku moja huweza kumalizwa kwa ushupavu, lakini siku ya tatu mfululizo ushupavu unakwisha na anayebaki barabarani ni aliyejizoeza. Wiki ya kumi na ya kumi na moja ni kilele: siku tatu mfululizo, pamoja na vilima. Wiki ya mwisho ni ya kupumzisha mwili kwa safari fupi fupi.

Vilima vinaleta jambo ambalo Shinyanga peke yake haiwezi kulitoa. Tambarare yake, iliyo mita elfu moja na mia moja na kitu juu ya usawa wa bahari, inafundisha umbali, jua na upepo wa kiangazi. Haifundishi kupanda. Anayezunguka Kilimanjaro kupitia Marangu, Rombo na Tarakea atakutana na mpando na mteremko siku nzima. Hapo ndipo Geita inapoingia, kwa sababu mji huo na vijiji vya jirani vimekaa kati ya vilima. Mtu atafute pumzi Shinyanga, kisha akatafute mapaja Geita. Mikoa hii miwili ikifanya kazi pamoja inakuwa shule kamili, na haitakuwa ajabu, maana maeneo ya Bukombe na Mbogwe yalikuwa sehemu ya Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012.

Kalenda nayo inakubali. Mvua za Shinyanga huanza kupungua mwezi wa nne na kukoma wa tano. Anayelenga Kilimanjaro mwezi wa saba akianza katikati ya Aprili atapata barabara kavu na asubuhi za ubaridi. Anayelenga Butiama mwezi wa kumi atafanya mazoezi yake Julai hadi Septemba, kiangazi kikiwa kimekomaa, na joto la Septemba huku litamwandaa kwa ajili ya nyika ya Singida na Igunga. Mwili huchukua kama wiki mbili kuzoea kufanya kazi kwenye joto. Huanza kutoa jasho mapema zaidi, na chumvi inayopotea hupungua. Haiwezekani kuununua uzoefu huo usiku wa kuamkia safari.

Maji na chakula ni somo la kujitegemea. Kwenye jua kali, mtu mzima huhitaji nusu lita hadi robo tatu ya maji kwa saa, akinywa kidogo kidogo kabla kiu haijamshika. Maji matupu kwa wingi bila chumvi nayo ni hatari, na ndiyo maana pakiti ya ORS au maji yenye chumvi kidogo, sukari na ndimu hayapaswi kukosekana. Kuhusu chakula cha njiani, waandaaji wana tabia ya kukumbuka biskuti za nguvu zinazotoka ng'ambo. Wasukuma wana matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vyepesi mfukoni, visivyooza kwa joto na vyenye wanga mwingi. Wakiongeza karanga za kukaanga na ndizi mbivu, msafara umeshiba, na fedha ya chakula imebaki kwa mama muuzaji wa Tinde.

Kisha kuna kuendesha kwa kundi, ustadi ambao mtu hawezi kujifunza peke yake. Anayekaa karibu nyuma ya mwenzake hukingwa na upepo na kuokoa robo ya nguvu zake au zaidi. Kwa hiyo wenye nguvu hupokezana mbele na waliochoka hujificha nyuma. Lakini kukaa karibu kunahitaji nidhamu: hakuna kufunga breki ghafla, hakuna kuyumba, na kila shimo linatangazwa kwa mkono na kwa sauti kutoka wa mbele hadi wa mwisho. Si ajali zote za misafara zinazosababishwa na gari. Gurudumu la mbele la mmoja hugusa la nyuma la mwingine, na watu sita wanaanguka kwa mpigo. Wiki kumi na mbili za pamoja ndizo zinazofanya kundi la watu wasiojuana litembee kama kundi la ndege.

Na pancha. Miiba ya migunga na mbigili haichagui baiskeli ya shilingi laki mbili au ya milioni nne. Katika msafara, kila mmoja anapaswa kuweza kutoa tairi, kubadili tyubu na kurudisha mnyororo ulioruka, bila kungoja gari la huduma. Mafundi baiskeli wa Shinyanga, wanaofanya kazi chini ya miembe wakiwa na beseni la maji, pampu na gundi, wanaweza kulifundisha somo hilo kwa asubuhi mbili. Walipwe kwa kazi hiyo kama walimu wengine wanavyolipwa.

Barabara zenyewe zipo, na ziko tayari kuliko zamani. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu. Kabla ya hapo, anayetoka Shinyanga kwenda Geita kwa njia ya Usagara alilazimika kungoja kivuko. Sasa kuna mzunguko kamili: Shinyanga, Misungwi, Usagara, juu ya Ziwa Victoria hadi Sengerema na Geita, kisha kushuka kupitia Bukoli na Kakola hadi Kahama, na kurudi Shinyanga kwa njia ya Tinde. Mzunguko huo una zaidi ya kilomita mia nne, wenye lami, vumbi, vilima, tambarare na upepo wa ziwa. Kipande cha Kahama hadi Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, kilikuwa cha vumbi kwa miaka mingi, na pale ambapo vumbi bado lipo ni mtihani halisi kwa anayejiandaa kwa njia za nyuma ya Kilimanjaro.

Hatari pia ipo, na haifai kufichwa. Isaka ni bandari kavu. Malori ya Rwanda na Burundi hupita Kahama usiku na mchana, na malori ya migodi huongezea. Bega la barabara ni jembamba sehemu nyingi, na mahali pengine limemegeka, kiasi kwamba mwendesha baiskeli anayesukumwa nje ya lami huangukia kokoto. Basi la abiria linalowahi Mwanza halina subira na mtu wa magurudumu mawili. Ndiyo maana mazoezi haya yanahitaji mkono wa serikali: polisi wa usalama barabarani wawe na taarifa ya njia na saa, pikipiki moja itangulie na gari moja lifuate, na kundi litoke saa kumi na mbili alfajiri na kuwa limefika kabla ya saa tano. Kofia ngumu iwe sharti. Nguo inayong'aa iwe sharti. Asiye navyo asiondoke.

Kuna anayeweza kusema kwamba faida hizo zote ni za waendesha baiskeli, na kuuliza wananchi wanapata nini. Jibu liko kwenye takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa hali ya VVU wa 2022–2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Ulionyesha pia kitu cha kutia moyo: kati ya waliojua hali zao, karibu 98 kati ya 100 walikuwa kwenye dawa, na wengi mno wa hao walikuwa wameshafubaza virusi. Pengo limebaki kwenye hatua ya kwanza. Ni kama 83 tu kati ya kila 100 wanaoishi na VVU waliojua kwamba wanavyo, na wanaume walikuwa nyuma ya wanawake. Lengo la dunia ni 95.

Wanaume wasiopima wako wapi? Wengi wako mahali ambapo kazi huanza kabla ya zahanati kufunguliwa na kuisha baada ya kufungwa: kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo ya Nyarugusu na Rwamgasa, kwenye vibanda vya Kakola, kwenye biashara za Katoro. Mwanamume wa namna hiyo haendi kliniki. Lakini kundi la watu arobaini waliovaa fulana za rangi moja likisimama kijijini kwake Jumapili saa tatu asubuhi, likiomba maji na kivuli, atasogea kuangalia. Hapo hema la upimaji linakuwa limeshasimama. Sheria ya VVU na UKIMWI iliyorekebishwa mwaka 2019 inaruhusu mtu kujipima mwenyewe, na huduma ya JIPIME ipo. Kila safari ndefu ya mazoezi inaweza kuwa kituo cha upimaji na ushauri nasaha kinachotembea, bila kungoja siku ya uzinduzi wala mgeni rasmi.

Ikiwa mpango una Jumapili nane za safari ndefu, hivyo ni vijiji vinane. Vikiwa katika mikoa miwili, ni kumi na sita. Fedha zitakazochangwa Kilimanjaro zitakuja baadaye. Huduma itakuwa imeshatangulia.

Haja ya kujitegemea nayo imeongezeka. Kwa zaidi ya miaka ishirini sehemu kubwa ya mapambano dhidi ya UKIMWI nchini imebebwa na fedha za Marekani kupitia PEPFAR, mpango ulioanza mwaka 2003. Januari 2025 serikali mpya ya Washington ilisimamisha misaada ya nje, na nchi nyingi za Afrika zikajikuta zikihesabu upya. Tanzania ilikwisha kuanzisha kisheria Mfuko wa Udhibiti wa UKIMWI mwaka 2015, na michango ya ndani kama ya Kili Challenge inaonyesha kwamba watu na kampuni za hapa wanaweza kutoa. Swali ni namna ya kuwafanya watoaji wawe wengi.

Mfano wa Massachusetts unafaa kutazamwa. Mwaka 1980 watu 36 walipanda baiskeli kuvuka jimbo hilo la Marekani na kukusanya dola 10,200 kwa ajili ya utafiti wa saratani. Safari hiyo, Pan-Mass Challenge, ilirudiwa kila mwaka hadi jumla ya michango yake ikavuka dola bilioni moja. Haikujengwa na wafadhili wakubwa peke yao. Ilijengwa na maelfu ya watu wa kawaida, kila mmoja akichangiwa na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, ambao walimwona akifanya mazoezi mwaka mzima na wakaona aibu kumnyima. Huku Shinyanga na Geita, muuza duka anayemwona mwalimu wa shule ya msingi akipita mbele ya duka lake kila alfajiri kwa miezi mitatu atatoa elfu tano yake bila kushawishiwa na kadi ya mwaliko.

Kuhusu wanawake, neno moja. Barabara za Shinyanga zimejaa wanawake wanaoendesha baiskeli kwenda shamba, sokoni na kisimani, na mashindano ya baiskeli ya Kanda ya Ziwa yamekuwa na mbio za wanawake. Mkoa huu pia ndio ulioongoza nchini kwa ndoa za utotoni katika utafiti wa mwaka 2010, ambapo asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha 18. Msichana anayemwona nesi wa kijiji chao akiongoza msururu wa waendesha baiskeli anaona jambo ambalo mkutano wa hadhara hauwezi kumweleza. Nusu ya nafasi za mazoezi haya ziwe za wanawake, na muda, mavazi na usalama wa njiani vipangwe nao, wala wasipangiwe.

Kwa hayo yote, maombi ya barua hii ni haya.

GGML na TACAIDS: tangazeni mazoezi ya wazi ya wiki kumi na mbili kabla ya kila Kili Challenge, yenye vituo viwili, Shinyanga mjini na Geita mjini. Kila mshiriki wa baiskeli anayeishi Kanda ya Ziwa afanye mazoezi hapo, na anayetoka mbali aje angalau kwa siku tatu za kilele. Tengeni nafasi chache za kwenda Kilimanjaro kwa vijana wa daladala na wachimbaji wadogo watakaomaliza mafunzo, bila kuwadai mchango ambao hawana. Tangazeni pia, kwa hesabu inayosomeka, kiasi kilichotumika kwa maandalizi na kiasi kilichofika kwa walengwa. Mchangaji wa elfu tano ana haki hiyo sawa na mchangaji wa milioni mia.

Waandaaji wa Twende Butiama: kabla ya Oktoba, leteni kambi ya mazoezi ya siku chache Shinyanga. Joto, upepo na miiba mtakayokutana nayo vipo hapa, na walimu wapo.

CHABATA: tumeni makocha wawafundishe vijana wa daladala kazi ya kuongoza kundi na huduma ya kwanza, muwape utambulisho unaokubalika, na katika kazi hiyo hiyo muandike majina ya wenye vipaji. Nchi inayopakana na Rwanda, iliyokuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia, haina kisingizio cha kukosa timu.

Wakuu wa mikoa: wakutanisheni polisi wa usalama barabarani, TANROADS na waganga wakuu wa mikoa kwenye meza moja. Njia za mazoezi zijulikane, mabega ya barabara yaliyomegeka kati ya Tinde na Kahama yajazwe, na kila safari ndefu ipewe wahudumu wawili wa afya wenye vitendanishi vya kutosha. Hilo halihitaji bajeti mpya kubwa. Linahitaji barua moja yenye sahihi zenu mbili.

Na kwa msomaji wa Shinyanga, Kahama, Kakola, Katoro au Geita anayeisoma barua hii akiwa na baiskeli iliyoegemea ukutani: ipeleke kwa fundi wiki hii, kiti kipimwe, breki zikazwe, kisha anza na kilomita ishirini Jumapili ijayo. Ukipita mahali pana kituo cha afya kilicho wazi, simama upime. Waandaaji watakapofungua milango, wakukute uko tayari.